MWENDO WA WIMBO NDIO MOYO WAKE

Chagueni wimbo mmoja mnaoujua nyote nyumbani. Uimbeni kwanza upesi upesi, kama watu wanaolima shamba kwa pamoja. Kisha uimbeni tena pole pole, kama mama anayembembeleza mtoto. Maneno ni yale yale, na sauti ni zile zile, lakini wimbo si ule ule. Mara ya kwanza miguu yataka kucheza. Mara ya pili kichwa chainama chenyewe. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu, nacho ni mwendo.

Hapa Manyamanyama, na katika nchi yote ya Mara, wazee wetu walilijua jambo hili bila kulisoma kitabuni. Wapiga makasia wa Ziwa Victoria waliimba kwa kadiri ya kasia, maana asiyefuata wimbo huwachosha wenzake. Jirani zetu Wasukuma wana ngoma yao ya bugobogobo, ngoma ya jembe: ngoma ikiharakisha, majembe nayo huharakisha, na mtu aliyekuwa amechoka hujikuta amefika mwisho wa tuta. Wakurya nao wana litungu, kinubi kikubwa cha nyuzi nane. Mpigaji hodari aweza kuwakalisha watu kimya kwa masimulizi ya kale, kisha akawainua wote kwa kubadili mwendo wa vidole vyake.

SAA YA MUZIKI

Mwaka 1815 Johann Maelzel alipata hati ya kumiliki chombo kinachoitwa metronomu. Ni kama saa, ila hakihesabu saa za mchana, hupiga ta! ta! ta! ili mwimbaji ajue mwendo. Mapigo 60 kwa dakika ni mwendo wa pole. Mapigo 120 ni mwendo wa askari katika gwaride.

Chombo hiki si lazima kukinunua. Chukua kamba nyembamba, ufunge jiwe dogo, uitundike kwenye msumari. Kutoka msumarini hadi katikati ya jiwe pawe na urefu wa mita moja. Lisukume jiwe kidogo tu, uhesabu kila linapofika upande huu na kila linapofika upande ule. Utapata karibu 60 kwa dakika. Ukiifupisha kamba iwe nusu mita, utapata karibu 85. Ukiifupisha iwe robo mita, utapata karibu 120. Mwalimu wa kwaya mwenye kamba tatu kama hizi hana haja ya kubishana na wapiga ngoma wake.

KWA NINI MOYO HUFUATA?

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mtu akiwa na furaha au hasira, moyo na pumzi huenda mbio, na maneno yake hutoka upesi. Akiwa na huzuni, hutembea polepole na kusema polepole. Basi wimbo wa mbio hufanana na mtu mwenye furaha au hasira, na wimbo wa pole hufanana na mtu aliyetulia au mwenye huzuni. Nasi tukisikia, miili yetu huelekea kufanana nao.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1937 Bi. Kate Hevner wa Marekani alionyesha kwamba mwendo ni katika mambo yenye nguvu kuliko mengine katika kuufanya muziki usikike wa furaha au wa huzuni. Mwaka 2006 Daktari Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake waliwapima watu 24 waliokuwa wakisikiliza muziki wa namna mbalimbali. Muziki wa upesi uliongeza pumzi na mapigo ya moyo. Na angalieni jambo la ajabu: muziki uliponyamazishwa kwa dakika mbili, watu walitulia kuliko walivyokuwa kabla ya kuanza kusikiliza. Kumbe hata kimya ni sehemu ya wimbo!

Lakini tusiseme kwamba pole ni huzuni na upesi ni furaha siku zote. Wimbo wa kubembeleza mtoto ni wa pole, wala hauna msiba ndani yake. Ngoma ya vita ni ya upesi, wala si ya arusi. Mwendo hufungua mlango. Maneno na sauti ndivyo huonyesha ni chumba gani tumeingia.

USHAIRI NAO UNA MWENDO

Wengine hudhani mwendo ni wa ngoma tu. Sivyo. Shairi letu la kawaida lina mistari minne, kila mstari mizani 16, na katikati huwa na kituo baada ya mizani 8. Kituo kile ni pumzi. Utenzi una mistari mifupi ya mizani 8, nao hukimbia kama mtu ashukaye mlima.

Hata hivyo hesabu ya mizani peke yake haitoshi. Mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo alitunga Utendi wa Tambuka, habari ya vita. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mama mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa kumwachia mawaidha kabla ya kufa. Mmoja ni wa mapanga na farasi, mwingine ni wa mama kitandani, na yote miwili ina mizani 8! Ni msomaji atakayejua wapi akimbie na wapi atue.

Kadhalika Mwalimu Julius Nyerere wa Butiama, jirani yetu, alizigeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, na mwaka 1996 vitabu vyake vilipigwa chapa. Arusi ya Kana na mateso ya Msalabani vimo katika kipimo kimoja. Mtoto akiyasoma mateso kwa mbio ile ile ya arusi, wasikilizaji watasikia habari, lakini hawatasikia uchungu. Nanyi walimu, msiwasifu watoto kwa kumaliza upesi.

KWAYA NA MSIBA

Hapo ndipo penye neno langu kubwa. Siku hizi kwaya nyingi zina vinanda vya umeme, na ndani yake mna midundo iliyokwisha kupangwa. Mpigaji hubonyeza kitufe kimoja, na mdundo ule ule huingia katika arusi, katika ubatizo na kaburini. Kuna mjane amesimama kando ya shimo, anataka kulia, na ngoma yamwambia acheze. Si kosa la ngoma, wala si kosa la kinanda. Wazee wetu walikuwa na ngoma za msiba, lakini mwendo wake ulijua msiba. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na hapa kinachopasuka ni moyo wa mfiwa.

Tena wako wanaofanya kinyume. Sikukuu ya Pasaka wimbo wa Aleluya unakokotwa kama jiwe la kusagia, mpaka watoto wanasinzia. Hiyo nayo si heshima. Furaha ina haki yake.

NYUMBANI KWENU

Mwaka 2001 Daktari Bernardi yule yule na wenzake waliwapima watu wazima 23 waliosali Salamu Maria kwa Kilatini, kama tunavyoisali rozari. Pumzi zao zilishuka zikawa karibu 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata utaratibu wa pumzi. Sisemi kwamba sala ni dawa ya hospitali. Nasema kwamba rozari ina mwendo wake, na anayeikimbiza ili awahi chakula huipoteza sehemu ya amani iliyomo.

Basi baba na mama, fanyeni jambo dogo juma hili. Jioni, acheni upande mmoja umalize Salamu Maria kabisa ndipo upande wa pili uanze. Wenye kwaya, kabla ya kuimba ulizeni: tunaimba kwa ajili ya nani leo, na moyo wake unakwenda mwendo gani? Mwanzeni hapo alipo, mwende naye. Kama ni mfiwa, mtaweza kumwongeza mwendo kidogo kidogo, ubeti kwa ubeti, mpaka wimbo wa mwisho umtoe kaburini akitembea kwa miguu yake mwenyewe.