Mtoto akitengeneza mzinga wa bati, mzazi awe karibu

MTOTO wa Mirongo anayejua kutengeneza gari la makopo anaweza pia kutengeneza mzinga mkubwa wa kuchezea.

Mfano mzuri upo Ngome ya Yesu, Mombasa: mzinga wa meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg. Mabaharia wake waliizamisha katika delta ya Mto Rufiji Julai 1915. Mizinga yake 10 iliopolewa, baadhi ikafungwa magurudumu na kupelekwa vitani nchi kavu. Mtutu wake una urefu wa takribani meta 4.2, ukipunguzwa mara 10, bomba la sentimita 42 linatosha.

Hatari ipo kwenye rangi na lehemu. Baadhi zina madini ya risasi, yanayodhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Mzazi, usimruhusu mtoto kulehemu, kukwangua rangi kuukuu wala kuvunja betri. Kunjeni kingo za bati, pakeni rangi nje, na anawe kwa sabuni kabla ya kula. Akijikata, osha jeraha kwa maji na sabuni, kisha mpeleke kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda.