Krismasi ya hosteli haingoji tarehe 25

KATIKA hosteli nyingi za vyuo Afrika Mashariki, Krismasi huliwa kabla ya siku yake. Vyuo vinafunga, mabasi yanajaa, kila mwanafunzi anataka kwao. Mapambo hutundikwa mwishoni mwa Novemba au Desemba ikianza, na mfanyabiashara anayevusha mzigo tarehe 20 hukuta wateja hawa wameshaondoka.

Wanachonunua si kikubwa. Wanafunzi wanne wa chumba kimoja huchangishana wakapata utepe wa kumeta, maputo na waya mmoja wa taa ndogo. Mti hakuna pa kuuweka, hivyo taa hupangwa ukutani kwa umbo la mti, kando ya kitanda cha dabo deka. Nyota hukatwa kwenye boksi la sabuni.

Shida iko kwenye plagi. Soketi za Kenya na Uganda, na nyingi za Tanzania, ni za matundu matatu bapa. Taa zinazouzwa Bujumbura au Goma kwa kawaida huwa na pini mbili za mviringo. Mwanafunzi anachomeka kalamu kwenye tundu la juu, kisha anaisukuma plagi mpaka iingie. Taa zinawaka, lakini plagi imelegea, inatoa cheche, na hapo hapo pananing'inia utepe wa plastiki na chandarua. Msimamizi wa hosteli akiona, anazichukua, na lawama zinamrudia muuzaji. Adapta ni ya bei ndogo. Iuzwe pamoja na taa. Taa za betri ni afadhali zaidi.

Mpakani nako kuna mtego. Mapambo ya China hayageuki kuwa bidhaa ya Jumuiya kwa kununuliwa Kariakoo, Kamukunji au Kikuubo. Cheti rahisi cha uasili, cha mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Aliyebeba maputo akidhani cheti hicho kitamvusha anaweza kuuacha mtaji wake forodhani.

Malaika wa maganda ya migomba kutoka Uganda, vikapu vidogo vya Rwanda na nyota za shanga za Wamaasai ni habari nyingine. Hivyo vimetengenezwa kwetu, havihitaji umeme, na mwanafunzi anaweza kuvikunja kwenye begi akampelekea mama nyumbani.