Nyumba Zisizofuka Moshi: Ayalandi ya Vijijini kwa Macho ya Mtu wa Kasulu

Nilipowapigia ndugu zangu wa Murubona, Kasulu, kuwaambia kwamba nimehama Dublin na sasa naishi kijijini, simu ilikaa kimya kidogo, kisha shangazi akauliza kwa sauti ya chini kama nimefukuzwa kazi. Sikumlaumu. Kwetu mtu akirudi kijijini kutoka Dar es Salaam watu hutafuta sababu, na sababu ya kwanza wanayoifikiria huwa si njema: ugonjwa, deni, au mtaji uliokatika. Kwamba mtu mwenye kazi na afya yake anaweza kuliacha jiji kwa hiari, hilo halikumwingia shangazi, na limenichukua simu nyingi kumweleza. Haya ninayoandika ni yale niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo dakika za vocha hazikutosha.

Ayalandi ni kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Kaunti 6 za kaskazini zimebaki chini ya Uingereza. 26 zilizosalia ndizo jamhuri. Eneo la jamhuri ni kama kilomita za mraba 70,000, halifiki mara mbili ya mkoa wetu wa Kigoma ukihesabu na maji ya ziwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 5.15 huku, na sensa yetu ya mwaka huohuo ilihesabu Kigoma watu milioni 2.47 hivi. Ukigawanya watu kwa ardhi, hatupishani sana. Lakini hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu zaidi ya robo ya Waayalandi wamejazana Dublin, na huko pango la nyumba ya kupanga upya limepita yuro 2,000 kwa mwezi. Mimi ni mhudumu wa wazee. Mshahara ulikuwa ukiingia leo, kesho umekwenda kwa mwenye nyumba. Ilipopatikana kazi kama hiyohiyo magharibi ya kaunti ya Clare, karibu na bahari ya Atlantiki, nilifunga mabegi mawili nikapanda basi.

Mtu wa Kibondo au Kasulu akishushwa hapa mwezi wa Juni, kwa dakika chache atadhani yuko nyumbani baada ya masika. Vilima vya kijani, ng'ombe mlimani, ukungu asubuhi, mashamba madogo yaliyopakana. Ng'ombe huku ni zaidi ya milioni 6, wanawazidi watu. Kitakachomshtua ni ukimya. Hakuna mtoto anayepita na ndoo, hakuna baiskeli yenye mkungu wa ndizi, hakuna anayechunga. Ng'ombe wamefungiwa na ua wa mawe, wanajilisha wenyewe, na majira ya baridi huingizwa bandani kulishwa majani yaliyovundikwa na kuviringwa kwa plastiki nyeusi.

Kisha atagundua kwamba hakuna kijiji. Yaani kipo, kina kanisa, baa, duka na shule, lakini watu hawakai hapo. Kila nyumba imesimama peke yake katikati ya shamba lake, umbali wa mita 300 au nusu kilomita kutoka kwa jirani, na kila kipande cha ardhi kina jina lake la kale ambalo wazee wanalijua na mipaka yake. Wazee wetu wa Buha, nchi ya Waha, waliishi hivihivi, kila mji na migomba yake kilimani, mpaka ilipokuja amri ya kuhamia vijijini miaka ya 1970. Babu yangu alikufa akiwa bado anauita mji wake wa zamani kwa jina, ingawa ulikuwa umeshaota vichaka. Hapa ndipo nilipoelewa alichokuwa akikililia.

Nyumba nyingi kati ya hizi hazina mtu. Unapita barabarani jioni unahesabu: hii inafuka moshi, hii haifuki, hii haifuki, hii paa limeshaingia ndani na mti umetokea dirishani. Sensa ya 2022 ilikuta nyumba 166,752 zimekaa tupu nchi nzima. Zina historia ndefu. Mwaka 1841 kisiwa kizima kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Maskini wa magharibi walikula viazi mviringo asubuhi, mchana na jioni, wengi wao aina moja tu ya kiazi. Mwaka 1845 ukungu ukaingia mashambani, viazi vikaoza ardhini. Sisi tuliowahi kung'oa muhogo uliopigwa na michirizi kahawia, shina zuri juu na chini kuni tupu, tunaweza kuwaza shamba la namna hiyo, isipokuwa kwao halikuwa shamba moja wala msimu mmoja. Kufikia 1852 watu wapatao milioni 1 walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni 1 wamepanda meli. Nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa kwenda Uingereza wakati huohuo, na hapa Clare, upande wa Kilrush, wenye ardhi walivunjia maelfu ya watu nyumba zao kwa sababu ya kodi. Mpaka leo kisiwa hakijarudia idadi ile ya 1841.

Waliobaki walijifunza kuondoka. Hapo nawaelewa vizuri. Buha ilikuwa ghala la wafanyakazi. SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, iliwabeba babu zetu hadi mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, na kila ukoo una mtu ambaye hakurudi. Jirani yangu wa hapa, mzee wa miaka 78 ambaye hakuoa, ni mmoja wa ndugu 9. Wawili wako Boston, watatu walifia Birmingham, mmoja Sydney. Yeye alibaki na ng'ombe kwa sababu lazima mmoja abaki.

Serikali yao sasa inatoa fedha watu warudi. Tangu 2022 kuna ruzuku ya kukarabati nyumba iliyokaa tupu, na tangu 2023 imefika hadi yuro 50,000, au 70,000 kama nyumba imechakaa kiasi cha kuwa hatari. Nyumba ikiwa kwenye visiwa vya pwani, ruzuku hiyo hufika hadi 84,000. Mwaka 2019 walisaini mkataba wa kupeleka intaneti ya kasi kwenye nyumba, mashamba na biashara zaidi ya 500,000 ambazo kampuni za kawaida ziliona hazina faida. Kabla ya serikali kuamka, mtu mmoja wa hukuhuku Clare, mchongaji sanamu Jim Connolly wa Kilbaha, alianzisha mwaka 1990 chama cha kuzitoa familia kwenye mitaa ya wenye kipato cha chini Dublin na kuzitafutia nyumba za kupanga vijijini. Familia zaidi ya 700 zilihama kwa mkono wa chama hicho. Hesabu yake ilikuwa nyepesi na ninaikubali: shule ikiongezewa watoto watano haifungwi, na shule isipofungwa wenye watoto wengine hawahami.

Maana vitu hufungwa haraka. Vituo vya polisi 139 vilifungwa kati ya 2012 na 2013. Mwaka 2018 ilitangazwa kufungwa kwa posta 159. Kitengo cha dharura cha hospitali ya Ennis, mji mkuu wa kaunti, kilifungwa 2009, na toka hapa hadi kile cha Limerick ni safari inayokaribia saa mbili. Shule ya karibu nami ina walimu 2. Bila gari huendi popote, na leseni yetu ya Tanzania hawaibadilishi kuwa yao. Inabidi uanze mwanzo, mtihani wa nadharia, masomo 12 ya barabarani, kisha kusubiri mtihani wenyewe kwa miezi. Miezi hiyo nilikuwa nikienda kazini kwa baiskeli gizani, kwa sababu Desemba jua huchomoza karibu saa 3 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 na nusu jioni. Nasema haya kwa anayedhani kuhama jiji ni kupumzika. Mvua ya kwetu inajua kuja na inajua kuondoka; Mei ikiisha unaanika nguo bila wasiwasi hadi Septemba. Ya huku ni nyembamba, haina radi, haina mwezi wake. Siku ya kwanza nilicheka, mwezi wa tatu nilikuwa sina nguo kavu.

Jirani ndiye aliyenifundisha moto. Wana ardhi ya kinamasi, nyeusi, iliyojengeka kwa majani yaliyozama maelfu ya miaka. Kwa lugha yao ya asili wanaiita móin. Mtu wa bonde la Malagarasi angedhani ni tope tu. Hukatwa mapande kama matofali mwanzoni mwa kiangazi, hugeuzwa kwa mkono yakauke upande wa pili, kisha husimamishwa manne au matano yakiegemeana kama watu wanaosali, upepo upite katikati. Yakikauka huwa mepesi kama muhogo wa kuanikwa na yana harufu ambayo sitaisahau, kama moshi wa shamba lililochomwa likanyeshewa. Tangu 2022 sheria imebana uuzaji wake kwa sababu ya hewa chafu, lakini mwenye haki yake kinamasini bado anakata ya nyumbani. Mzee alinipeleka, akaninyooshea kidole mstari mrefu wa matofali yaliyolala, akasema huo ni wangu kugeuza. Mgongo uliuma siku nne. Ilipofika Oktoba alileta trela nzima mlangoni, akamwaga, akaondoka bila kuingia ndani. Wanaita kazi ya namna hii meitheal. Sisi tuliita ujima.

Jambo jingine lililonishinda mwanzoni ni majina. Huku mzee wa miaka 78 huitwa kwa jina lake la kwanza, hata na mtoto wa shule. Ulimi wangu ulikataa. Nikawa namwita Mzee, nikamweleza maana yake, na sasa wenzake wa baa wanamwita hivyohivyo. Barabarani kila dereva akikutana nawe huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, umjue usimjue. Ni kifupi mno kwa mtu aliyezoea salamu zetu za mwakeye zenye kupiga makofi na kuulizana hadi habari za mbuzi, lakini ukikosa kukijibu wanajua.

Wakifiwa, ni kama nyumbani. Redio ya kaunti husoma matangazo ya vifo kila siku kama ilivyokuwa Radio Tanzania, na nyumba nzima hunyamaza kusikiliza. Maiti hulazwa sebuleni, jeneza wazi, watu hupanga foleni kutoka barabarani, wanampa kila mfiwa mkono, wanakunywa chai, wanakesha. Sehemu hizi majirani bado ndio wanaochimba kaburi. Nilipokwenda msiba wa kwanza nilidhani nitasimama nyuma kama mgeni. Mtu nisiyemjua akanipa koleo. Mgeni huku, hata akikaa miaka 40, anaitwa aliyeletwa na upepo. Jina hilo ninalo, na halijanizuia kuchimba.

Lakini nisiwapambe. Mei 2023 serikali ilileta wanaume waliokuwa wakiomba hifadhi kwenye hoteli moja ya Inch, nje kidogo ya Ennis, na baadhi ya wenyeji wakaziba barabara kwa matrekta na marobota ya nyasi. Wengine walisema hawakuulizwa, hapakuwa na daktari wala basi la kutosha. Nilisikia hayo nikiwa kazini, nikiwa nimemshika mkono bibi wa kijiji cha pili nikimlisha uji. Natoka wilaya yenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyopokea Wakongo tangu 1996 na Warundi tena 2015, na Kibondo ilifunguliwa ya Nduta. Tunajua uzito wa wageni kwenye kuni, visima na zahanati, hakuna wa kutufundisha. Nchi iliyopeleka watu wake kila bandari ya dunia ingepaswa kuwa na kumbukumbu ndefu zaidi. Ni haki kusema pia kwamba Waukraine zaidi ya 100,000 wamepokelewa tangu 2022, na kijiji changu kina familia tatu zao. Shule ile ya walimu 2 iko hai kwa sababu ya watoto wao.

Jumapili moja Mzee aliniuliza kwetu kukoje. Nilimwonyesha kwenye simu picha aliyonitumia binamu yangu, mwalimu wa shule ya msingi: darasa la kwanza wamepangwa mstarini asubuhi, sare za bluu na nyeupe, miguu ina vumbi jekundu. Akavaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaanza kuhesabu mstari wa mbele kwa ncha ya kucha. Alipofika 31 akaacha. Akauliza kama hilo ni darasa moja, nikamwambia moja, na nyuma wapo wengine hawakuingia kwenye picha. Moto ukawa umefifia, akainuka akatia mapande mawili jikoni, akarudi kukaa.

"Na hawa wote," akauliza, "jioni wanarudi nyumbani?"

Nikamwambia wanarudi wote.