Pombe Isiyongoja

Niliisikia kabla sijaionja. Jumamosi jioni nilifunua majani ya mgomba yaliyofunika mtumbwi wa pombe, nikainama, na chini ya povu la kahawia kukatoka sauti ndogo ya kuchirizika, kama manyunyu juu ya majani makavu. Mzee jirani aliyekuwa akinifundisha hakuhitaji hata kuchungulia. "Bado inasema, mwanangu," aliniambia. "Ikipunguza maneno ndipo tutaonja."

Hiyo ilikuwa pombe yangu ya kwanza ya ndizi, hapa Kabanga, wilayani Ngara, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Ukivuka pale Kobero utaikuta ikiitwa urwarwa. Rwanda ni urwagwa, Bukoba ni rubisi, Uganda ni tonto, na Kivu wanaiita kasikisi. Sote tunasema "kupika pombe", lakini hii haipikwi. Mbege ya Kilimanjaro hupitia jikoni. Juisi ya ndizi haichemshwi hata mara moja. Kila kijidudu kilichoingia pamoja na ndizi, nyasi, mikono yetu na ubao wa mtumbwi kimo humo kingali hai, na kila kimoja kina haraka yake.

Kazi ilikuwa imeanza siku kadhaa nyuma, shimoni. Ndizi za pombe, kama embire, hukausha ulimi zikiwa mbichi kwa sababu ya tanini, kemikali inayoshikamana na protini za mate. Tanini hiyohiyo hushika protini za ndizi wakati wa kukamua, na ni sababu mojawapo ya juisi yake kutoka nyepesi ilhali ndizi nyingi za kupika huishia kuwa uji mzito. Shimo tulilipasha moto, tukalitandika majani, tukapanga mikungu na kuifunika. Moshi una ethilini, gesi ambayo ndizi yenyewe huitoa inapoanza kuiva, kwa hiyo ndizi hupokea moshi kama amri ya kuiva. Katika ndizi mbichi wanga hukaribia asilimia 20 ya nyama yake. Ikiiva, karibu wote umegeuka sukari. Bila badiliko hilo hamira isingekuwa na cha kula, maana haiwezi kula wanga.

Ijumaa tulimenya, tukakanda kwa nyasi kavu mpaka mikono ikafa ganzi, tukachuja. Juisi hiyo, ambayo Warundi huiita umutobe, ni tamu kiasi cha kuwakusanya watoto wa mtaa mzima, nao walipata sehemu yao kabla ya lolote lingine. Kisha tukaongeza maji, nami nilisisitiza yawe yamechemshwa na kupoa. Pombe nyepesi haina alkoholi ya kutosha kuua vimelea vya maji machafu, na hapa hakuna moto wa kutusaidia baadaye.

Mwisho mzee akanyunyiza unga wa mtama mwekundu uliokaangwa. Mtama huo una tanini nyingi hata ndege huukwepa shambani, na ndiko uchungu wa pombe unakotoka. Kukaanga huupa rangi na harufu ya mkate uliobabuka. Lakini kazi yake kubwa haionekani: ndizi ina sukari tele na protini haba, na hamira haiwezi kuzaana bila naitrojeni. Konzi chache za mtama huijazia pengo hilo. Waliogundua jambo hili hawakuwa na neno naitrojeni. Walikuwa na ulimi na kumbukumbu, na mimi nauhesabu huo kuwa utafiti kamili.

Nini basi kilichokuwa kikisema chini ya povu? Hamira hugawa sukari karibu nusu kwa nusu. Kwa hesabu ya juu kabisa, gramu 100 za glukosi hutoa gramu 51 za alkoholi na gramu 49 za kaboni dioksidi, na gesi hiyo ndiyo sauti. Juisi yenye gramu 20 za sukari katika kila mililita 100 ingeweza kufika karibu asilimia 13 ya alkoholi kwa ujazo; ukiizimua kwa maji kiasi kilekile, unabaki na nusu. Nchini Burundi, ile kali isiyozimuliwa ina jina lake, insongo.

Jumapili mzee alichota kwa kibuyu kidogo, akanywa yeye kwanza, kisha akanipa. Ndiyo heshima ya pombe katika nchi hizi: mwenyewe huionja mbele ya mgeni, ili mgeni awe na amani. Kinyarwanda kina kitenzi maalumu cha kuonja huko, gusogongera.

Utamu ulikuwa umepungua bila kwisha. Gesi ilichoma ulimi kidogo, uchungu wa mtama ukafuata nyuma, na juu ya yote harufu ya ndizi, kali kuliko ya ndizi zenyewe. Sehemu kubwa ya harufu hiyo ni isoamili asetati, ambayo tunda huitengeneza na hamira pia huitengeneza. Ndiyo maana bia ya ngano ya Wajerumani, Hefeweizen, hunukia ndizi ingawa hakuna ndizi ndani yake. Yangu iliipata kutoka pande zote mbili.

"Kesho itakuwa nyingine," mzee alisema.

Sikuamini vya kutosha. Usiku ule nilijaza dumu la lita 20, nikakaza kifuniko, nikaliweka chumbani. Asubuhi lilikuwa limevimba mbavu, na nilipolegeza kifuniko povu liliruka hadi ukutani. Hamira ilikuwa haijamaliza sukari. Pombe inayoendelea kuchachuka haifungwi. Huachiwa tundu la kupumulia.

Jumatatu ladha ilikuwa imehama. Ilikuwa chachu, lakini chachu ya mtindi, laini na isiyo na harufu. Hiyo ni asidi ya laktiki, kazi ya bakteria. Jumanne ukaja ukali mwingine, uliopanda puani kabla kibuyu hakijagusa mdomo. Asidi ya siki huruka hewani, ya laktiki hairuki. Pua pekee inatosha kuzitenganisha. Bakteria wa siki huhitaji oksijeni, na mimi nilikuwa nimefungua dumu mara nyingi mno kwa hamu ya kuonja.

Si mimi wa kwanza kukutwa na haya. Mwaka 1856, mjini Lille, Ufaransa, mwenye kiwanda cha alkoholi aitwaye Bigo alimwendea Louis Pasteur kwa sababu mapipa yake ya viazisukari yalikuwa yanachacha. Pasteur alitazama kwa hadubini. Pipa zuri lilikuwa na hamira za mviringo, pipa baya lilikuwa na vijiti vidogo vinavyotengeneza asidi ya laktiki. Mwaka 1857 alitangaza matokeo yake. Njia ya kuua vijidudu kwa joto la wastani ikaja kuitwa kwa jina lake, na ndiyo inayowezesha vinywaji vingi kukaa dukani miezi. Mtumbwi wetu hauna njia hiyo. Pombe yake humalizwa kwa kunywewa tu, na ndiyo sababu haikamuliwi kwa mtu mmoja. Hukamuliwa kwa posa, kwa msiba, kwa watu waliokuja kusaidia kulima.

Nilikuwa nimechelewa kualika. Majirani walikuja Jumanne jioni, wakaweka mirija, wakakunja nyuso kidogo, wakanywa hadi machicha.

Nilipoleta maji na sabuni niusugue mtumbwi, mzee aliushika mkono wangu. Hamira ya safari ijayo ilikuwa imejificha kwenye nyufa za ubao. Tuliusuuza kwa maji matupu, tukauegemeza mgombani ukauke, na yeye akaenda kupapasa mikungu mitatu iliyokuwa tayari shimoni.