Mtoto Aimbaye Jikoni

Jumapili moja nilirudi kutoka ibadani nikamkuta msichana wetu wa kazi akisugua masufuria huku akiimba pambio. Nikamwambia mume wangu, "Baba Neema, mtoto huyu ana raha kwetu." Wakati huo nilikuwa sijamlipa mshahara wa miezi miwili.

Jioni ile binti yangu, aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa fasihi ya Kiingereza, alinieleza shairi la William Blake lililotoka mwaka 1794. Mtoto mdogo, mweusi kwa masizi, analia kwenye theluji. Anaulizwa wazazi wake wako wapi. Anajibu kuwa wamekwenda kanisani kusali. Kwa kuwa bado anacheza na kuimba, wao hudhani hawajamdhuru.

Hiyo ndiyo kejeli. Mshairi hamtukani mtu. Anamwacha mtoto aseme, nasi tuliovaa nguo za Jumapili tunabaki tumeinamisha vichwa.

Huko Uingereza watoto kama huyo walikuwepo kweli. Wengine walikuwa wa miaka sita tu, na walipandishwa ndani ya mabomba membamba ya moshi wayasafishe. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alieleza saratani ya ngozi ya korodani iliyowapata wasafishaji hao kutokana na masizi. Matabibu walijua, lakini wenye nyumba waliendelea kuota moto. Sheria ya mwaka 1788 iliyokataza walio chini ya miaka 8 ilipuuzwa. Ni sheria ya mwaka 1875, iliyosimamiwa na polisi, ndiyo iliyokomesha desturi hiyo.

Mimi ni muuguzi. Kikohozi cha msichana wetu nilikuwa nimekisikia wiki nzima, nikapita.

Kesho yake nilimpeleka zahanati, kisha nikamhesabia fedha zake mkononi. Aliuliza swali moja tu: "Mama, naweza kumtumia mama yangu?" Nilishindwa kumtazama.

Je, dada, msichana wako hulala wapi? Hula saa ngapi? Akiumwa, nani humgusa paji la uso? Kabla ya kulala leo, fungua Yakobo 5:4. Kisha nenda jikoni ukamwulize habari zake, na umsikilize hadi amalize.