Usiku Mmoja Moroto: Dereva wa Lori Alale Wapi?

Ndugu wafanyakazi, jina la Moroto mmelisikia, lakini waliolala huko ni wachache. Madereva wa malori ya mawe na utingo wao hulala huko karibu kila juma. Malalamiko yao juu ya posho ya kulala (tunasema posho ya fedha, si ile ya mahindi) yamefika ofisini mara nyingi, na kila mara tajiri hujibu kwamba Moroto ni mji kama mji mwingine, dereva akifunga gari lake siku yake imekwisha. Basi tukaamua kwenda wenyewe tukaone, maana si vizuri kubishana na mtu juu ya mahali tusipopajua.

Tuliondoka Naguru saa kumi na moja alfajiri, watu watatu, tukapanda lori tupu lililokuwa likienda kupakia. Tulilipandia kule Go-Down, ambako madereva wengi wamepanga vyumba. Wazee watakumbuka kwamba Naguru na jirani yake Nakawa palikuwa na nyumba za wafanyakazi zilizojengwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 2011 wapangaji waliondolewa na nyumba zikabomolewa, ili pajengwe mji wa kisasa. Kwa hiyo dereva wetu anaondoka kwenye chumba kimoja ambacho kodi yake inapanda kila mara, anakwenda kulala mahali pasipo na chumba kabisa. Mambo hayo mawili tunaomba msomaji ayaweke pamoja akilini.

Mpaka Mbale safari haina maneno mengi. Unavuka Nile pale Jinja kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, unapita miwa na mpunga, unakula chapati. Ukishapita Sironko na Muyembe ndipo nchi inapobadilika. Migomba inakwisha. Mlima Kadam unasimama upande wa kulia, na kule Namalu unaona mashamba ya mahindi ya magereza, kisha baada ya Nakapiripirit ni nyika tupu, miti ya miiba, na mito ya mchanga ambayo haina maji ila siku mvua inaponyesha juu milimani. Zamani kipande hicho cha mwisho kilikuwa matope au vumbi, gari likikwama unakaa siku mbili. Sasa kina lami, kilomita zaidi ya 90 mpaka Moroto, na hilo tunalishukuru.

Watu wa kusini huita Karamoja jangwa. Si jangwa la mchanga kama lile la Sahara. Ni nchi kavu ambayo mvua yake haiaminiki, na mwaka ikikosa kuja watu hufa. Mwaka 1980 walikufa maelfu kwa maelfu kwa njaa. Wakati wa ukoloni ilikuwa wilaya iliyofungwa, mtu wa nje hakuingia bila kibali. Mwaka 1979, utawala wa Amin ulipoanguka na askari wakakimbia kambi ya Moroto, ghala la silaha lilibaki wazi, na bunduki zikaingia katika wizi wa ng'ombe uliokuwa ukifanywa kwa mikuki. Serikali ilianza kukusanya silaha mwaka 2001, ikarudia mwaka 2006, na palitulia miaka mingi. Kuanzia mwaka 2019 wizi wa mifugo ulianza tena. Tunaeleza haya si kwa kuwasema vibaya Wakaramojong, ambao ni wafanyakazi wenzetu na wameumia kuliko yeyote, bali kwa sababu ndiyo asili ya jambo lililotupeleka. Dereva mwenye akili hasafiri usiku katika barabara ile. Na tajiri mwenyewe anamkataza, kwa barua tuliyoisoma kwa macho yetu, asiondoke Moroto baada ya saa kumi na mbili jioni.

Tulifika jua likizama. Mji uko chini ya Mlima Moroto, ambao kilele chake kinapita mita 3,000. Mji wenyewe uko karibu mita 1,400, yaani juu kuliko Kampala. Mchana jua linachoma mpaka bati la lori haligusiki. Jua likishuka, upepo unateremka kutoka mlimani, na ule upepo hauna urafiki. Vumbi linaingia kwenye chai, kwenye blanketi, kwenye meno. Mtu aliyetoka Kampala na shati moja atatafuta shuka sokoni kabla ya saa mbili, nasi tulitafuta.

Tulizunguka mtaa wa Camp Swahili, ambako Kiswahili chetu kilitufaa sana, tukiuliza bei za vitanda. Kitanda cha chini kabisa tulichopata kilikuwa shilingi 15,000, chumba cha watu wanne, maji ya kuoga nusu ndoo. Mama mwenye nyumba alitueleza kwamba maji ananunua kwa jerikeni, basi tusimlaumu. Hatukumlaumu. Chakula ni posho na maharage, au nyama ya mbuzi kwa mwenye nafasi. Ukiweka kitanda, chakula cha jioni na chai ya asubuhi, usiku mmoja unakula shilingi 25,000 kwa mtu anayejibana.

Sasa sikilizeni. Dereva analipwa shilingi 10,000 kwa usiku. Utingo halipwi kitu, kwa kuwa ameandikwa kibarua.

Ndiyo sababu saa tatu usiku tuliwakuta kwenye uwanja wa malori, magari 7 yamepangwa mstari mmoja. Madereva walikuwa wamejikunja ndani ya kabini, na utingo wamelala chini ya gari kati ya magurudumu, juu ya maboksi, wamejifunika turubai la mzigo. Moto wa kuni ulikuwa katikati. Tulikaa nao. Mzee mmoja ambaye ameendesha malori tangu ujana wake alituuliza swali ambalo mpaka leo hatujapata bwana wa kulijibu: "Ndugu zangu, nikienda kulala hotelini, betri analinda nani?"

Na hapo ndipo ulipo mzizi. Mwezi uliotangulia gari moja liliibiwa betri na mafuta usiku, na gharama ikakatwa katika mshahara wa dereva kidogo kidogo. Maana yake tajiri anamhesabu dereva kuwa yuko kazini usiku pale kitu kinapoibwa, lakini anamhesabu kuwa yuko nyumbani kwake pale posho inapodaiwa. Mtu huyo ameendesha tangu alfajiri, analinda usiku kucha bila kulipwa kama askari, na kesho yake saa kumi na mbili anapakia tani za mawe ateremke nayo. Akisinzia kwenye kona, gazeti litaandika kwamba dereva alikuwa mzembe.

Tuseme sheria inavyosema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa juma, na ikiongezwa kwa makubaliano isipite saa 10 kwa siku wala 56 kwa juma. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu, na siku ya sikukuu mara mbili. Kanuni za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo miezi minne si kibarua tena, anastahili mkataba wa maandishi. Kati ya utingo 7 tuliozungumza nao, 5 wamepita mwaka. Kiasi cha posho ya kulala sheria hiyo haikukitaja, na hapo hakuna njia nyingine ila mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri. Wanaongoja serikali iwapangie wakumbuke kima cha chini cha mshahara: kile cha mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi, na mswada wa kukibadili, uliopitishwa na Bunge mwaka 2019, Rais hakuutia saini.

Asubuhi tulikwenda na magari mpaka machimbo ya upande wa Rupa. Hayo yanahitaji makala yake. Tuliona wanawake wenye watoto mgongoni wakivunja mawe kwa nyundo, bila viatu vya kazi wala miwani, wakilipwa kwa mzigo wa lori na si kwa siku. Mmoja alituuliza kama chama kinapokea watu wasio na barua ya kazi. Tulimjibu kwamba tutarudi na mwenzetu anayejua Kikaramojong, kwa sababu neno "mkataba" halifai kuelezwa kwa ishara za mikono. Safari hiyo imo katika bajeti ya robo ijayo.

Madai yaliyopelekwa kwa mwajiri ni haya: shilingi 30,000 kwa kila usiku, kwa dereva na kwa utingo sawasawa, mlinzi wa kulipwa katika uwanja wa malori, au banda lenye vitanda na mlango wa kufunga, na kurudishwa kwa fedha zote zilizokatwa kwa ajili ya vitu vilivyoibwa usiku. Mwajiri amekubali kukutana nasi, lakini anataka ushahidi wa idadi ya siku zilizolalwa. Ushahidi huo ni karatasi za safari. Tunazo za magari 4. Madereva wa yale 3 yaliyobaki wazilete ofisini Naguru, za miezi mitatu, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, hata kama zimechakaa au zimeingia mafuta. Asiyeweza kufika ampe utingo wake, na utingo akija aje pia na jina la siku aliyoanza kazi.