Upepo wa Table Mountain na hesabu za wakala wa Kariakoo

Katika safari ya siku nne ya Cape Town, wakala anaweza kumwahidi mteja karibu kila kitu. Hoteli ikishalipiwa, chumba kipo. Ndege ikichelewa, yupo wa kulaumiwa. Gari la kwenda Cape Point litafika asubuhi, pengine na dereva mwenye usingizi, lakini litafika. Tiketi ya kebo ya kupanda Table Mountain haimo katika kundi hilo, na bado picha ya mlima huo ndiyo inayowekwa juu kabisa ya tangazo.

Wateja wa kutoka kwetu wameongezeka, au ndivyo tunavyoambiwa. Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, na Wakenya walipata nafuu ya namna hiyo kuanzia Januari 2023. Mawakala wa Dar es Salaam na Nairobi wanasema wanaouliza bei siku hizi ni maharusi wanaotafuta pa kula fungate, vikundi vya kina mama waliochangishana mwaka mzima, na wastaafu wanaotaka kuiona rasi kabla kiinua mgongo hakijaisha. Tulipoomba idadi, wengi walikwepa. Waliothubutu kutaja walipishana mno, tukaona heri tuziache takwimu zao zilipo.

Mmoja wa mawakala hao, mama mwenye ofisi ya chumba kimoja Kariakoo, alikubali kufungua daftari lake kwa sharti kwamba jina lisiandikwe, maana bado anadaiana na muuzaji wa tiketi wa mtandaoni. Alitueleza mambo kwa kirefu kuliko tulivyomwomba.

Kilio chake ni hiki. Alipeleka kikundi cha wanawake Cape Town mwezi wa Januari, usiku tatu, tiketi za kebo zikiwa zimelipiwa wiki kadhaa kabla. Siku ya kwanza kebo ilifungwa kwa upepo. Ya pili ikafunguliwa asubuhi, ikafungwa kina mama wakiwa njiani kutoka hotelini. Ya tatu haikufunguliwa kabisa. Ya nne walikuwa uwanja wa ndege. Alipomwandikia muuzaji kudai fedha, akajibiwa kwamba tiketi hazijaharibika, zingali na siku za kutumika.

“Tiketi ananiongezea siku, mwanangu,” alisema. “Ndege nani ananiongezea?”

Kina mama wale, kwa upande wao, hawakutaka kusikia habari za masharti. Walimlipa yeye, si mtu wa mtandaoni wasiyemjua. Aliwarudishia fedha zao kutoka mfukoni, kwa shilingi, kabla hajapata hata senti, na anaeleza sababu bila kuficha: wateja wake huletana kwa mdomo. Ukimkasirisha mmoja, umekasirisha kikoba kizima, kwaya ya shangazi yake na majirani wa dada yake. Fedha za muuzaji zilipokuja, zilikuja pungufu, kwa dola, zikakatwa tena na benki. Kiasi kingine bado anakidai.

Malalamiko haya tuliyasikia kwa namna mbalimbali kutoka kwa wengine, lakini yana upande ambao mama yule aliufikia kwa kuzungukazunguka. Tiketi hakuzinunua kwa mwendeshaji wa kebo. Dirisha la mwendeshaji mwenyewe mtandaoni huuza kwa randi, na tiketi huwa hai kwa siku 7 kuanzia tarehe aliyochagua mnunuzi, utaratibu uliowekwa kwa sababu hiyohiyo ya hali ya hewa. Yeye alipitia kwa mtu wa kati, anayeuza kwa dola na kuongeza chake juu. Kwa nini? Kwanza alisema kadi yake ya benki hukataliwa kwenye malipo ya nje. Ni kweli kwamba kadi nyingi za huku zina ukomo wa manunuzi ya mtandaoni, na kadi pepe za mitandao ya simu hupita leo zikagoma kesho. Baadaye kidogo, kwa tabasamu, akaongeza kwamba mtu wa kati humpa wakala kamisheni. Mwendeshaji hampi.

Kwa hiyo sehemu ya hasara ile ni bei ya kamisheni. Haimwondolei mama haki ya kudai chake, ila inaeleza kwa nini wauzaji wa kati wanashamiri pamoja na lawama zote wanazotupiwa: wanawalipa wanaowalaumu. Zipo pia tiketi za pamoja, kebo na yale mabasi mekundu ya ghorofa ya wazi yanayozungusha wageni mjini. Mawakala wanazipenda kwa sababu upepo ukifunga mlima, basi angalau linatembea, na mteja ana kitu cha kupiga picha.

Upepo wenyewe si wa kubahatisha. Unavuma kutoka kusini-mashariki katika miezi ya kiangazi cha kule, kuanzia karibu Oktoba hadi Machi, na ndio unaotandika juu ya mlima lile wingu jeupe ambalo wenyeji huliita kitambaa cha meza. Desemba na Januari, miezi ambayo shule zetu zimefungwa, bonasi zimeingia na kila mtu anataka kusafiri, ni miezi ya upepo huo. Msimu wa kuuza na msimu wa kufungwa ni mmoja. Mawakala wenye uzoefu wanalijua jambo hili kama wavuvi wanavyoijua kusi, lakini tulipita kwenye matangazo kadhaa ya safari za Desemba tusione hata moja linalolitaja.

Anayekwepa upepo kwa kwenda katikati ya mwaka hukutana na lingine. Kila mwaka kebo husimamishwa kwa siku kadhaa kwa ajili ya matengenezo, kwa kawaida Julai au Agosti, kwa kuwa wageni ni wachache. Kwa Cape Town ni mantiki tupu. Kwa Mkenya anayesubiri likizo ya Agosti, au Mtanzania aliyeunganisha siku za mapumziko za Saba Saba na likizo yake, ni bahati nasibu kama hakuangalia kalenda. Tarehe hutangazwa mapema, na hapa wakala aliyeuza bila kuangalia hana wa kumsingizia.

Mbali na upepo, wageni hulalamikia foleni, na hapo wenye mamlaka wana maelezo yao. Ofisa mmoja anayeshughulika na utalii, ambaye hakuruhusiwa kuzungumza na waandishi lakini alizungumza sana, anaamini tatizo la foleni linakuzwa. Silaha yake ni namba moja: kebo ile, anasema, ina uwezo wa kupandisha watu 800 kwa saa. Aliirudia mara nyingi kiasi cha kutulazimisha kuchukua kalamu.

Namba hiyo ni ya kweli kwa maana ya kwamba ndiyo inayotajwa kila mahali tangu magari ya sasa ya kebo yalipowekwa mwaka 1997, yale yenye sakafu inayozunguka ili kila abiria apate mandhari pande zote. Kila gari hubeba watu 65. Magari ni mawili, moja likipanda jingine linashuka, kwa mwendo unaoweza kufika mita 10 kwa sekunde, na safari huchukua dakika 4 au 5. Sasa gawanya: ili kupandisha 800 kwa saa unahitaji gari lililojaa liondoke zaidi ya mara 12, yaani kila baada ya dakika 5 hivi. Safari yenyewe ni karibu dakika hizohizo. Muda uliobaki ndio wa kushusha watu 65, kuingiza wengine 65, kufunga mlango na kumsubiri bibi aliyesahau miwani kwenye benchi. Anayewafahamu watalii atakubali kwamba 800 ni ukomo wa mtambo, kipimo cha saa isiyo na hitilafu yoyote. Ofisa hakupenda hesabu hiyo. Alihamia kwenye tangi la maji, akieleza kwamba kila gari linaweza kubeba lita 4,000 zinazoliongezea uzito lisiyumbe upepo ukivuma, na kwamba maji hayo yametumika pia juu kileleni. Ni habari ya kuvutia. Foleni haipunguzi.

Tena foleni ni mbili, na hili ndilo wanunuzi wengi wa mara ya kwanza hawaambiwi. Aliyekata tiketi mtandaoni anakwepa foleni ya dirishani. Ya kupanda gari iko palepale, na asubuhi yenye anga safi baada ya siku mbili za upepo, kila aliyekwama siku hizo anakuja pamoja na wa siku hiyo. Siku 7 za uhai wa tiketi zinamlinda mnunuzi, na hizohizo ndizo zinazorundika watu. Tiketi ya haraka ipo kwa mwenye fedha. Wakala mmoja wa Nairobi alisema yeye huiuza kwa wazee na wenye watoto wadogo pekee, wengine anawashauri wavae viatu vizuri na wafike mapema.

Bei yenyewe ni randi mia kadhaa kwa mtu mzima kwenda na kurudi, na ya asubuhi huwa juu kuliko ya mchana. Sababu inayotolewa ni kutawanya wageni. Mawakala wanaisoma vingine: upepo wa kusini-mashariki mara nyingi huzidi kadiri siku inavyosonga, hivyo anayelipia asubuhi ananunua pia nafasi kubwa zaidi ya kupanda. Kama ndivyo, wanaolipa nafuu mchana wanapata nafuu ya haki kabisa, kwa kuwa wamenunua shaka.

Raia wa Afrika Kusini mwenye kitambulisho hupanda bure siku yake ya kuzaliwa, jambo ambalo wageni wetu hulinung'unikia mpaka wakumbushwe bei za mkazi na mgeni katika hifadhi za nyumbani.

Mshindani wa kebo ni njia ya miguu. Ya Platteklip ndiyo inayotumiwa zaidi, haina kiingilio, na mtu mwenye pumzi za wastani hufika juu kwa saa mbili au tatu. Tiketi ya upande mmoja inauzwa, kwa hiyo wapo wanaopanda kwa miguu na kushuka kwa gari. Hesabu hiyo ina mtego: upepo ukibadilika, king'ora hulia juu, watu huitwa kurudi kituoni, na aliyekuwa bado bondeni anapanda hukuta kebo imefungwa. Mama wa Kariakoo aliwahi kuwapendekezea njia hiyo kina mama wale siku ya tatu. Jibu alilopewa halichapishiki.

Yote haya yangebaki habari za nchi ya watu kama si Kilimanjaro. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilisema inatazama uwezekano wa kujenga kebo kwenye mlima huo, na naibu waziri wa utalii wa wakati huo aliviambia vyombo vya habari kwamba watalii wa mlimani wangeweza kuongezeka kwa asilimia 50, wakati waliokuwa wakipanda walikadiriwa kuwa 50,000 hivi kwa mwaka. Wapagazi na waongozaji walipinga, na hoja yao haikuhitaji mtaalamu: mtalii wa siku moja ndani ya gari habebewi mzigo, hapikiwi, wala halali kambini. Asilimia 50 ya watu wanaotumia saa tano si asilimia 50 ya watu wanaotumia siku sita au saba. Hatukumpata ofisa aliyeweza kutuonyesha ile asilimia ilikokotolewaje. Mmoja alisema Cape Town imewezekana tangu 1929.

Imewezekana, ndiyo, ila mfano huo unachukuliwa nusu. Kebo ya Cape Town ilianza kazi Oktoba 1929 juu ya mji ambao tayari ulikuwepo, wenye bandari na hoteli chini yake, kwenye mlima wa mita 1,086 ambao hakuna mpagazi aliyekuwa akiishi kwa kupandisha wageni kwa wiki nzima. Mgeni aliyekosa kupanda leo hulala mjini, akala mjini, akarudi kesho, hivyo hata siku ya upepo fedha yake inabaki kwenye uchumi uleule. Kwa Kilimanjaro, mtalii aliyekatiwa tiketi ya nusu siku akitokea Arusha na safari ya Serengeti ikimsubiri kesho yake, atabeba hasara ileile ya kina mama wa Kariakoo, na atakayemjibu atakuwa wakala wa Moshi. Upande huo wa hesabu haumo katika maelezo ya wanaoutetea mradi, angalau waliozungumza nasi.

Kuhusu miezi ijayo, wauzaji wanakubaliana kwa machache. Bei ya kebo inatarajiwa kuendelea kupanda. Hakuna aliyetutajia mwaka ilioshuka. Shilingi ikiimarika dhidi ya randi, vikundi vitaongezeka. Ikidhoofika, Zanzibar iko karibu. Ofisa wetu anaamini tiketi za mtandaoni zitamaliza kabisa kero za wageni. Wakala wa Nairobi hakubaliani naye, ila haoni sababu ya kuacha, kwa kuwa wateja wengi, kwa maelezo yake, hufanikiwa kupanda.

Mama wa Kariakoo amekwisha kubadili masharti yake. Kebo ameiondoa kwenye bei ya safari na kuiandika chini, kwa herufi ambazo tulilazimika kuzisogeza karibu na dirisha ili tuzisome: mteja atajilipia mwenyewe, akiwa huko, siku atakayoona mlima uko wazi. Picha ya juu ya tangazo hajaigusa. Tulipomuuliza, alisema bila picha hiyo simu haiti.